Pamba chungu cha maua, lakini usifuge mbu

Mazungumzo haya yalisomwa redioni mwishoni mwa juma. Yanachapishwa hapa kwa ajili ya waliokosa kuyasikiliza, na kwa wale walioomba vipimo kwa maandishi.

NDUGU wasikilizaji, na ninyi ndugu wasomaji, kipindi hiki kimezoea mambo mazito. Tumezungumzia bei ya korosho, tumezungumzia nauli, tumezungumzia wazazi wanaogombana na walimu. Leo naomba ruhusa yenu niteremke hadi barazani, penye vyungu vya maua. Najua wako watakaoguna kwamba hayo ni mambo ya watu walioshiba. Sikubaliani nao. Yuko mama anayelipa ada ya shule kwa kuuza vyungu hivyo, na yuko mtoto anayelazwa kwa homa iliyoanzia katika kisahani kilichowekwa chini ya chungu hicho hicho. Basi si jambo dogo.

Pita kandokando ya Barabara ya Bagamoyo jijini Dar es Salaam, au Ngong Road kule Nairobi, utawaona. Vitalu vimejipanga kwenye hifadhi ya barabara: miche ndani ya viriba vyeusi, nyasi za kupandwa, mbolea ya samadi kwenye viroba, na mbele kabisa, mahali ambapo jicho la mwenye gari litafika kwanza, vyungu vya saruji vilivyopakwa rangi. Wenye vitalu hivi wanafanya kazi huku wakijua kwamba siku yoyote wanaweza kuambiwa barabara inapanuliwa, wahame. Mche wa mwanaume mmoja unafanana na mche wa jirani yake. Kinachomfanya mteja asimame hapa na si pale ni chungu. Aliyejifunza kukipamba vizuri huuza chungu na mche pamoja. Ambaye hakujifunza huuza mche peke yake, tena kwa bei ya kubembeleza.

Wengine hudhani ufundi huu wa kubandika vipande vya sahani na marumaru kwenye saruji tumeuiga katika magazeti ya Wazungu. Nawaomba waende Kunduchi, si mbali na hoteli za pwani, wakaangalie makaburi ya kale ya nguzo. Wazee wetu wa pwani walijenga nguzo hizo kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kisha chokaa ikiwa bado mbichi wakazamisha ndani yake sahani na bakuli za kaure zilizotoka Uchina. Makaburi ya namna hiyo yako pia Kaole karibu na Bagamoyo, na kwa ndugu zetu wa Kenya yako Gede, karibu na Malindi, ambako kaburi moja lina tarehe inayolingana na mwaka 1399. Sahani nyingi zimeng'olewa na wezi. Limebaki shimo la duara, na ukitia kidole utaona jinsi fundi alivyoikandika chokaa ikaishika sahani pembeni pote. Sahani haikugandishwa juu ya ukuta. Ililazwa ndani ya ukuta. Tofauti hiyo kati ya kugandisha na kulaza ndiyo inayoamua kama pambo lako litadumu miaka au litadondoka mvua za kwanza.

Tuanze basi na chungu chenyewe. Njia rahisi kwa mtu wa nyumbani ni ya ndoo mbili, moja kubwa ya lita 10 na nyingine ndogo ya lita 5, ambayo ikiingia ndani ya kubwa huacha nafasi ya vidole viwili kila upande. Paka mafuta ya kupikia yaliyokwisha kutumika ndani ya ndoo kubwa na nje ya ile ndogo. Wako mafundi wanaotumia oili chafu ya gari. Mimi siwashauri, kwa sababu huingia katika saruji na mizizi haiipendi. Changanya kipimo kimoja cha saruji na vipimo vitatu vya mchanga, kwanza vikavu, kisha tia maji kidogo kidogo mpaka ukifinya konzi ishikamane bila kuchuruzika. Kosa la wengi ni kuzidisha maji ili kazi iwe nyepesi. Maji yakizidi, yakikauka huacha vitundu, na chungu hubomoka kama mkate mkavu.

Mchanga uwe wa mtoni. Mchanga wa ufukweni una chumvi, na chumvi hiyo haitulii. Itatoka nje kama ukungu mweupe na kuharibu rangi, na itaingia kwenye udongo na kuunguza ncha za majani. Isitoshe, ufuko wetu umekwisha kuliwa vya kutosha na bahari, hauhitaji kuchotwa tena na sisi.

Mwaga tabaka la unene wa vidole viwili chini ya ndoo kubwa, na katikati yake simamisha kipande cha mpini wa ufagio kilichozungushiwa nailoni na kupakwa mafuta. Hicho ndicho kitakachoacha tundu la kutolea maji. Kisha weka ndoo ndogo juu, ijaze mawe isielee, na shindilia mchanganyiko pembeni kwa kijiti, ukigongagonga ndoo ya nje ili hewa itoke. Siku ya pili toa ndoo zote mbili na uvute ule mpini. Utaona chungu kimeshika, na hapo ndipo watu wengi huharibu kazi kwa furaha. Hukianika juani kikauke haraka. Saruji, ndugu zangu, haipati nguvu kwa kukauka. Hupata nguvu kwa kukaa na maji. Kifunike kwa gunia bichi, kivulini, ukilimwagia maji asubuhi na jioni kwa siku 7.

Chungu cha ukubwa huo hula lita 5 hivi za mchanganyiko, na ndani yake mna saruji ya kama kilo mbili na nusu. Kwa hesabu hiyo mfuko mmoja wa kilo 50 utatoa vyungu 20, ukiacha vile vitakavyovunjika mikononi mwa anayejifunza. Anayetaka kuuza na afanye hesabu hiyo kwa bei ya saruji ya mahali pake kabla hajataja bei kwa mteja, na asisahau siku zake. Nimezungumza na kina mama wengi wa vitaluni ambao huhesabu saruji na mchanga, halafu kazi yao ya wiki nzima hawaihesabu kabisa, kama kwamba mikono yao waliipata bure kwa hiyo hufanya kazi bure.

Jambo jingine la tahadhari: saruji mbichi ni kali. Haichomi papo hapo kama moto, bali hula ngozi polepole, na jioni ndipo vidole huanza kuwaka. Vaa glavu, au mifuko ya nailoni kama glavu hazipo, na mtoto asiachiwe kuichezea kama udongo wa mfinyanzi.

Sasa mapambo. Marumaru zilizovunjika hupatikana kila penye ujenzi, mara nyingi kwa kuomba tu, maana mwenye nyumba hulipa watu wa kuziondoa. Sahani na vikombe vilivyopasuka nyumbani navyo vinafaa. Funga sahani ndani ya gunia, kisha gonga kwa nyundo. Gunia huzuia vigae visiruke machoni. Vipande viwe vidogo, upana wa vidole viwili, kwa sababu chungu ni mviringo na kipande kikubwa hakiwezi kukumbatia mviringo. Kitakaa kimeinuka pembeni na kukata mkono wa anayefagia. Lowesha chungu kwanza kwa maji, hasa kama ni cha udongo wa kuchoma, la sivyo kitanyonya maji yote ya saruji na vipande vitaachia. Paka saruji laini au gundi ya marumaru ya mfuko, laza vipande, ukiacha upenyo wa ncha ya kidole kati ya kimoja na kingine. Siku ya pili jaza nyufa hizo kwa niru, ifute kwa sponji yenye unyevu baada ya nusu saa hivi, na hapo utakuwa umelaza sahani ndani ya ukuta kama walivyofanya wazee wa Kunduchi.

Kuhusu rangi na mpangilio sina la kuwaamuru. Ila nitasema nionavyo. Chungu chenye rangi saba kinauzwa haraka barabarani, na kikifika nyumbani hukifunika kile kilichonunuliwa kukipambia. Mmea wenye maua mengi, kama bogenvilea, unataka chungu kilichotulia. Mmea wa majani matupu unaweza kuvumilia chungu chenye kelele. Wanawake wa Kikisi walio ufukweni mwa Ziwa Nyasa, upande wa Matema, hufinyanga vyungu vyenye weupe wa krimu na wekundu wa udongo, basi, rangi mbili. Na vyungu hivyo vikiwekwa sokoni huviona toka mbali. Ningemshauri fundi yeyote wa saruji wa mjini aangalie chungu cha Kikisi kabla hajanunua kopo la tatu la rangi.

Tukiwa hapo kwenye udongo wa kuchoma, kuna jambo ambalo wauzaji hawalielezi. Chungu cha udongo kinapumua. Maji hupenya ukutani na kukauka nje, na ndiyo maana mtungi hupoza maji ya kunywa. Ukikipaka rangi ya mafuta pande zote umeziba pumzi hiyo. Matokeo ni mawili: rangi itavimba na kubanduka, kwa kuwa unyevu wa ndani unaisukuma, na mmea utakaa na maji mengi kuliko ulivyozoea. Ukipaka, basi punguza kumwagilia. Chora mistari au maua upande mmoja na uache sehemu nyingine wazi, chungu kitaendelea kupumua na rangi itadumu zaidi. Tena, mimea mingi ya ndani ya vyungu haifi kwa kiu. Hufa kwa kuzamishwa na mwenyewe anayeipenda.

Na kokoto za chini? Karibu kila mtu huambiwa aweke tabaka la kokoto chini ya chungu ili maji yatoke vizuri. Ukweli ni kinyume. Maji hayashuki kwa urahisi kutoka udongo laini kwenda kokoto. Husimama juu ya kokoto mpaka udongo ulowe kabisa, kwa hiyo umeyainua maji machafu karibu na mizizi na kupunguza nafasi ya udongo. Tundu likiwa wazi linatosha. Weka kigae kimoja tu juu yake, kilichoinama, udongo usimwagike.

Nahamia katika mapambo ya kuning'iniza, na hapo safari yetu inakwenda Tanga. Mwaka 1892 Baron Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mtawala wa Kijerumani wa wilaya hiyo, alikuta ua dogo la zambarau likimea kwenye miamba yenye kivuli huko Usambara, akapeleka mbegu kwao Ujerumani. Wataalamu wakaliita kwa jina lake, Saintpaulia, na leo liko katika vyungu madirishani kote Ulaya na Marekani. Mwaka uliofuata, 1893, mmea mwingine ulisafiri njia ya kinyume: mtaalamu wa kilimo, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 ya katani kutoka Amerika, na iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62. Hiyo ndiyo asili ya mashamba yote ya mkonge mnayoyajua. Kwa hiyo anayefunga kamba ya katani na kuning'iniza ndani yake ua la Usambara anakutanisha wasafiri wawili waliopishana bandari moja.

Ufundi wenyewe, ambao mjini wanauita makrame, ni wa mafundo ya kawaida. Kwa kining'inio cha mita moja kata kamba 4 za katani, kila moja mita 3. Zikunje katikati pamoja, zipitishe kwenye pete ya chuma na zifunge fundo moja chini ya pete. Sasa una ncha 8. Zigawe mbili mbili, upate jozi 4. Shuka sentimita 50 na funga kila jozi fundo, yote manne yakiwa usawa mmoja. Shuka tena sentimita 10. Safari hii chukua kamba moja ya jozi hii na moja ya jozi ya jirani, uzifunge pamoja, zunguka hivyo mpaka urudi ulikoanza. Rudia mara nyingine sentimita 10 chini. Mwisho kusanya kamba zote 8 na uzifunge fundo moja kubwa; hilo ndilo kalio la chungu. Ncha zilizobaki zifumue ziwe kishada.

Pima kwa chungu kitupu, lakini amini kwa chungu kilichomwagiliwa. Chungu kidogo cha upana wa sentimita 15, kikiwa na udongo uliolowa, hufika kilo 3 kwa urahisi, na msumari mdogo kwenye dari ya mbao laini hautakishika. Chungu cha saruji kile tulichotengeneza kwa ndoo hakifai kabisa kuning'inizwa. Kikiwa kitupu tu huzidi kilo 10. Katani nayo huoza ikinyeshewa mfululizo, kwa hiyo mahali pake ni chini ya paa la baraza, na kila msimu ivute kwa mkono uone kama bado ina nguvu. Huku pwani kamba ya usumba, ile ya makumbi ya nazi, huvumilia maji kuliko katani, kwani makumbi yenyewe hulowekwa miezi mingi kwenye tope la bahari kabla hayajasokotwa. Ni ngumu kwa vidole lakini inadumu.

Vifuu vya nazi pia ni vyungu vizuri vya mimea midogo. Toboa matundu matatu chini, si moja, na matatu ukingoni ya kupitisha kamba. Kifuu kisichotobolewa ni bakuli la maji, na hilo linanileta kwenye jambo ambalo hasa lilinifanya nichague mada hii.

Miaka ya 2014 na 2019 Dar es Salaam ilipatwa na mlipuko wa homa ya dengue, ile ambayo Waswahili tunaiita kidingapopo. Jina hilo si geni. Daktari James Christie, aliyekuwa Zanzibar zama za Sultani Barghash, aliandika kwamba watu wa pwani waliita homa ya namna hiyo kidinga pepo, na wako wataalamu wanaodhani kwamba neno dengue lenyewe lilichipuka humo. Dada yake, chikungunya, jina lake ni la Kimakonde, lilitokana na mlipuko wa mwaka 1952 kusini mwa nchi yetu, nalo hueleza jinsi mgonjwa anavyojikunja kwa maumivu ya viungo. Yaani maradhi haya mawili dunia nzima inayataja kwa maneno yanayonuka pwani yetu. Sioni fahari katika hilo.

Mbu anayeyaeneza, Aedes, si yule wa malaria. Wa malaria huuma usiku na chandarua humzuia. Huyu ana madoa meupe miguuni, huuma mchana, hasa asubuhi na alasiri, wakati mtoto anacheza barazani. Haendi kutafuta mabwawa. Anataka maji kidogo, safi kiasi, yaliyotulia karibu na watu: ndani ya tairi, kopo, kifuu, kisahani cha chini ya chungu. Hutaga mayai si ndani ya maji bali ukutani, juu kidogo ya maji yalipoishia, na mayai hayo yanaweza kukaa makavu kwa miezi kadhaa, yakingoja. Yakilowa tena huanguliwa, na katika siku 7 hadi 10 mbu kamili ameruka. Tena haruki mbali. Kwa kawaida anayekuuma amezaliwa kwako au kwa jirani yako wa ukuta kwa ukuta.

Sasa tazameni upya mapambo yetu. Kisahani cha chini ya chungu, ambacho tunakitia maji kila asubuhi: hapo mbu amepewa nyumba, maji na chakula. Dawa yake ni rahisi, jaza kisahani hicho mchanga mpaka ukingoni. Mchanga utanyonya maji yanayotoka tunduni, sakafu haitalowa, na mbu hatapata uso wa maji. Asiyetaka mchanga akimwage kila wiki na kukisugua kwa brashi, maana kumwaga peke yake huacha mayai yamenata ukutani.

Tairi kuukuu ndiyo kubwa zaidi. Nasema hivi nikijua kwamba vijana wengi wamejiajiri kwa kuzikata, kuzigeuza nje ndani na kuzipaka rangi zikawa vikapu vya maua vinavyopendeza kweli. Sisemi waache. Nasema tairi ni bakuli lililotengenezwa na kiwanda: ile mbavu ya ndani hushika maji hata uikalishe vipi. Toboa matundu sita au manane pande zote zinazokaa chini, kisha mwaga maji ndani uone kama yanatoka yote kabla hujapaka rangi. Na tairi zilizo kwenye foleni, zinazosubiri kukatwa, zisilale uani bila kufunikwa. Nimeona karakana moja ya namna hiyo, nyuma ya nyumba ya kulala wageni, ambako tairi hamsini zilikuwa zimejaa maji ya mvua, na vijana wenyewe wakilalamika kwamba mbu wa mtaa ule wanauma hata saa nne asubuhi. Kuhusu kukata, chagua tairi za nailoni zisizo na nyaya za chuma, na lowesha kisu kwa maji ya sabuni, kitapita kama kinakata embe. Maua yanaishi vizuri ndani ya tairi. Mchicha wa kula mimi nisingeupanda humo.

Na zile chupa za bia zinazofukiwa kichwa chini kuzunguka bustani? Ni pambo la zamani, nimelikuta shuleni, zahanati, mpaka vituo vya polisi. Lakini kitako cha chupa kina kishimo, na mbu huyu hahitaji maji mengi kuliko hayo. Zilaze kwa kuziinamisha kidogo, maji yateleze. Vivyo hivyo magamba ya konokono wakubwa wa baharini: yakipangwa mdomo juu ni vikombe, yakipangwa mdomo chini ni mapambo.

Kuhusu magamba hayo nina neno moja zaidi. Yale makubwa ya kung'aa yanayouzwa ufukweni hayakuokotwa yakiwa matupu. Mengi mnyama wake alitolewa akiwa hai, kwa sababu gamba lililokwisha kusagwa na mawimbi halina mng'ao. Mmoja wa wanyama hao, konokono mkubwa aitwaye triton, ni miongoni mwa viumbe wachache wanaomla kiti cha pweza mwenye miiba, yule anayetafuna matumbawe. Tukimmaliza triton kwa ajili ya kupamba baraza, tunampa mtafuna matumbawe uhuru, na matumbawe ndiyo mazalio ya samaki. Jikoni kwetu, huku pwani, magamba ya chaza na kome hutupwa kila siku. Yachemshe, yasugue, yaanike juani siku mbili tatu harufu iishe, kisha yalaze kwenye saruji kama vile vipande vya sahani. Yanapendeza vilevile, na hayamgharimu mtu wala bahari.

Mawe yaliyopakwa chokaa kando ya njia sitayasema sana. Sote tuliyapaka tukiwa wanafunzi, kila aliposikika mgeni rasmi anakuja, na mgeni mwenyewe hakuwahi kuyatazama. Angalau hayatuamishi maji.

Limebaki swali la msikilizaji mmoja wa Muheza, ambaye chungu chake cha saruji kilikuwa kizuri lakini kila anachopanda hunyauka, majani yakigeuka manjano. Mama, chungu chako bado kina chokaa. Saruji mpya hutoa ukali ambao mizizi ya mimea mingi haiuwezi. Ng'oa mmea, ziba tundu kwa kijiti, jaza chungu maji, na uyabadilishe kila siku ya tatu kwa muda wa wiki mbili. Msisahau kuyabadilisha, kwa sababu nimekwisha kuwaeleza nani anayeyangoja.

Kwa wanaoanza sasa, ratiba ni hii. Jumamosi mwaga saruji kwenye ndoo. Jumapili toa ndoo na ufunike kwa gunia. Jumapili ya pili bandika vipande, Jumatatu jaza niru, na iache mpaka Jumatano. Kuanzia hapo ni wiki mbili za maji. Anayetaka chungu kiwe barazani siku ya Idi au Krismasi ahesabu wiki nne kurudi nyuma, na aongeze ya tano, mmea upate kuzoea kabla wageni hawajaanza kuupapasa majani.